Nani Ataitika?

Babati ni mji wa njia panda. Anayetoka Arusha kwenda Dodoma kupitia Kondoa hupita hapa, na anayekwenda Singida huiacha barabara hiyo hapa hapa, akakata kuelekea Dareda na Katesh. Tangu mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na Babati ikafanywa makao makuu, habari nazo zimefuata njia zile zile. Mgonjwa aliyezidiwa Kiteto, lori lililopinduka Magugu, mto uliokata barabara ya Mbulu: yote hayo hatimaye humfikia mtu fulani mjini hapa, naye hulazimika kuamua nani aende, kwa gari gani, apite wapi.

Ni mtu huyo ninayemwaza. Historia ya redio za mawasiliano, hizi ambazo wengi wetu tunaziita simu za upepo, huandikwa kwa majina ya waliobuni mitambo. Nadhani ni vema tuisome tena tukimtafuta anayeitika. Kurusha sauti hewani ni jambo la ajabu, sikatai. Lakini ajabu kubwa zaidi ni kwamba jamii inaweza kukubaliana kumweka mtu macho usiku kucha, mshahara wake ukilipwa na wote, akisubiri kuitwa na mtu asiyemjua.

Nchi yetu haikuumbwa kwa kuyahurumia mawimbi. Mlima Kwaraa umeinuka juu ya mji, zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi kuna kuta za Bonde la Ufa zinazopanda hadi nyanda za Mbulu. Kusini-magharibi amesimama Hanang, zaidi ya mita 3,400. Simu za upepo za mkononi na za kwenye magari hutumia zaidi masafa ya VHF, ambayo husafiri kwa kunyooka. Yakikutana na mlima yanaishia hapo. Askari wawili wanaweza kuwa kilomita tano tu kila mmoja kutoka kwa mwenzake, kilima kikakaa katikati, wasisikilizane kabisa. Ila mlima huo huo, ukipandishiwa kileleni mtambo wa kupokea sauti na kuirusha upya, unakuwa msaada: sauti inapanda kutoka bonde moja na kushuka bonde la pili. Kizuizi na daraja ni jiwe lile lile. Tofauti ni kama kuna aliyepanda na mtambo, betri na waya, na kama kuna anayerudi kuutazama kila mvua za radi zikipita.

Redio za sauti hazikuanza na majibizano. Polisi wa jiji la Detroit, Marekani, walijaribu kwa miaka kadhaa kabla ya kufanikiwa mwaka 1928 kufunga kwenye magari ya doria vipokezi vilivyostahimili mitikisiko ya barabara. Katika miaka ya majaribio kituo chao kiliitwa KOP, na masharti ya leseni yaliwalazimu kupiga muziki kati ya tangazo moja la uhalifu na lingine, kana kwamba ni kituo cha burudani. Hata baada ya mafanikio ya 1928, askari garini alisikia tu. Makao makuu yalitoa amri, na hayakuwa na njia ya kujua kama imesikika, imeeleweka, au gari limezama matopeni. Kama askari alikuwa na neno, alisimamisha gari akatafute simu ya waya. Ilibidi ufike mwaka 1933, katika mji mdogo wa Bayonne, jimbo la New Jersey, ndipo polisi wakapata magari yanayoweza kujibu kwa sauti.

Sisi tunaijua vizuri redio isiyosikiliza. Tangu kituo cha utangazaji cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1951, vijiji vyetu vimeketi kuizunguka redio ikisema. Imetufundisha mengi na imetujengea lugha moja. Lakini mama aliyeisikia redio ikifundisha dalili za hatari kwa mjamzito hakuweza kuiambia kwamba yeye, saa hiyo, anazo dalili hizo. Elimu ilimfikia ila kilio chake hakikuwa na pa kwenda. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kila chombo cha mawasiliano: je, mnyonge aliye mwisho wa mstari anaweza kuuanzisha mstari?

Aliyelielewa swali hilo mapema ni fundi wa Adelaide, Australia, Alfred Traeger. Mwaka 1928 mchungaji John Flynn alikuwa ameanzisha huduma ya daktari wa ndege katika mji wa Cloncurry. Ndege ilikuwapo na daktari alikuwapo. Lakini mashamba ya ng'ombe yalikuwa mbali mno, hayana umeme wala waya wa simu, na daktari hawezi kuruka kwenda kwa mgonjwa ambaye hajasikia habari zake. Mwaka 1929 Traeger akatengeneza redio inayopata umeme kwa miguu: mtu anakaa, anakanyaga pedali kama za baiskeli, na mikono yake inabaki huru kutuma ujumbe. Mtambo uliingia mashambani, kikajitokeza kizingiti kingine. Wenye mashamba hawakujua alfabeti ya Morse. Badala ya kuwalaumu, Traeger akawatengenezea kibao cha herufi: bonyeza A, mtambo wenyewe utatuma nukta na kistari cha A. Namheshimu fundi huyu kwa sababu hakuanza na uwezo wa mtambo. Alianza na mtu aliyekaa peke yake jangwani na mtoto mwenye homa, akauliza huyu anaweza nini, kisha akakijenga chombo kutokea hapo.

Afrika Mashariki ilipata yake karibu miongo mitatu baadaye. Wazo la madaktari wa ndege lilizungumzwa shambani kwa daktari wa upasuaji Michael Wood, chini ya Kilimanjaro, akiwa na wenzake Archibald McIndoe na Tom Rees. Mwaka 1957 wakaanzisha shirika tunalolijua leo kwa jina la AMREF, makao yake Nairobi. Pamoja na ndege walijenga mtandao wa redio wa masafa mafupi uliounganisha hospitali za misheni na zahanati za mbali. Masafa mafupi hayana shida na milima. Hupanda hadi tabaka la angahewa lililo kilomita 100 na zaidi juu yetu, tabaka lile likayarudisha ardhini mamia ya kilomita mbele. Jua likizama tabaka hubadilika, na mwendeshaji naye hushusha masafa yake: ya mchana hayafai usiku. Kwa hiyo aliyeketi redioni alikuwa msomaji wa anga. Kwa saa zilizopangwa alivisikiliza vituo, akapokea hali ya mgonjwa kutoka kwa muuguzi aliye peke yake porini, akamtafutia daktari wa kumshauri, na ikibidi akaita ndege. Katika nchi ambayo hospitali kama Haydom, iliyoanza mwaka 1955, ilikuwa safari ya siku nzima au zaidi kutoka mjini wakati wa masika, kupata jibu la daktari siku hiyo hiyo ulikuwa uhai.

Tuitazame simu ya upepo yenyewe kwa karibu. Ubavuni ina kitufe. Unakibonyeza, unatulia kidogo, unasema, unaachia. Kule kutulia kidogo hufundishwa siku ya kwanza, maana mtambo unahitaji nukta ya muda kuamka na mwenye haraka hukatiwa silabi zake za mwanzo. Kwa lugha yetu hatari ni kubwa, kwani makatazo yetu yanakaa mwanzoni mwa kitenzi. Dereva anayeambiwa "usipite Bonga" akisikia "pite Bonga" anaweza kwenda moja kwa moja kwenye daraja lililosombwa. Ndiyo maana desturi inadai anayepokea arudie alichosikia, na anayetuma athibitishe. Hakuna anayeona ni kumdharau mkubwa kumrudishia maneno yake. Ofisini mtu anaweza kuitikia "ndiyo mkuu" bila kuelewa. Redioni kuitikia bila kurudia ni kosa la kazi.

Ukikibonyeza kitufe, husikii. Mtambo mmoja, njia moja, zamu kwa zamu. Mwaka 1933 Edwin Armstrong alipata hataza za redio ya FM, ambayo iliondoa sehemu kubwa ya mikwaruzo na ngurumo zilizokuwa zikimeza maneno, na simu nyingi za upepo zikaja kujengwa juu ya msingi huo. Lakini FM ina tabia moja inayonifikirisha sana. Watu wawili wakisema kwa pamoja, wimbi lenye nguvu humfunika kabisa mwenye wimbi dhaifu, wala msikilizaji hajui kwamba kuna mwingine alisema. Aliye mjini, karibu na mtambo, mwenye betri iliyojaa, atasikika. Aliye nyuma ya mlima na betri inayokufa atatoweka bila hata kuacha mkwaruzo. Kinyume cha tabia hiyo ya maumbile, binadamu wameweka kanuni: mwenye dharura akijitokeza, kituo kikuu huamuru wote wanyamaze mpaka aliye mbali amalize. Hakuna chipu inayotoa amri hiyo kwa kujua uzito wake. Ni mtu aliyesikia sauti hafifu pale sauti nene zilipotulia, akaamua kuipisha.

Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wazee, na redio inawapa haki. Simu ya kiganjani huunganisha wawili. Simu ya upepo husikiwa na wote walio kwenye njia. Ndiyo maana haijafa, ingawa kila kijana wa Babati ana simu mfukoni. Askari wa wanyamapori wa Tarangire au wa Burunge akitaja kundi la tembo linaloelekea mashamba ya Mwada au Sangaiwe usiku, hasemi na mmoja. Kikosi cha mbele kinasikia, cha nyuma kinasikia, dereva anasikia na kuwasha gari kabla hajaitwa kwa jina. Kwa mkulima ambaye mahindi yake ya mwaka mzima yanaweza kuliwa kwa usiku mmoja, kusikia huko kwa pamoja ndiko kunakofikisha watu wenye tochi na honi kabla tembo hawajafika.

Lakini wito mmoja ni rahisi. Mtihani ni wito kumi kwa wakati mmoja na magari mawili. Hapo ndipo uratibu unapokuwa kazi, na somo lake moja kubwa lilitokana na msiba. Novemba 1935 nyumba ilishika moto mtaa wa Wimpole, London, na wanawake watano wakafa. Jirani alikuwa amepiga simu kuita zimamoto, lakini kituo cha kuunganisha simu kilimweka kwenye foleni pamoja na waliokuwa wakipiga simu za kawaida. Waya ulikuwapo, mtambo ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni namna ya kumtambua anayeungua kati ya wanaosalimiana. Mwaka 1937 London ikaanzisha namba 999, na mezani kwa wapokeaji simu zikawekwa kengele na taa nyekundu ili wito wa dharura usipangwe foleni na mwingine wowote. Tanzania leo tunazo zetu: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto na uokoaji, 115 ya dharura za afya.

Jiji hilo hilo lilitupa somo la pili. Oktoba 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London iliwasha mfumo mpya wa kompyuta uliokusudiwa kuchagua gari na kulituma wenyewe. Waratibu waliozijua sehemu zao na kuzungumza na madereva kwa redio walisogezwa pembeni. Kompyuta ikapoteza hesabu ya magari yalipo. Wito mmoja ukatumiwa magari mawili, mwingine haukutumiwa hata moja, foleni ya tahadhari ikajaa kwenye skrini mpaka za zamani zikasukumwa na mpya zisionekane. Siku iliyofuata, baada ya mateso mengi, wakaanza kurudi kwenye njia zao za zamani. Sisemi kompyuta ni adui. Nasema waliojenga mfumo ule walidhani kazi ya mratibu ni kulinganisha orodha mbili, ya wagonjwa na ya magari. Hawakuona kwamba mratibu husikia kusita kwa dereva, hujua daraja fulani halipitiki jioni, hukumbuka kwamba gari lililoitwa dakika ishirini zilizopita halijajibu.

Nina matumaini na mfumo wetu wa m-mama kwa sababu hiyo. Ulianza kwa majaribio Sengerema na Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kwa nchi nzima jijini Dodoma. Namna unavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipata hatari, mtu hupiga 115 bure. Mratibu, ambaye amefunzwa mambo ya afya, huuliza maswali yaliyopangwa, akapima uzito wa hatari, programu ikamwonyesha kituo kinachofaa na usafiri ulio karibu. Gari la wagonjwa kama lipo huitwa. Kama liko mbali, huitwa dereva wa jamii, mtu wa kawaida mwenye gari lake aliyesajiliwa na kufundishwa, ambaye nauli yake hulipwa kwa simu baada ya mgonjwa kufikishwa. Wakati gari linatembea, kituo kinachopokea kinaambiwa nani anakuja na ana tatizo gani.

Mwaka 1994 watafiti Serena Thaddeus na Deborah Maine waliandika kwamba mama mwenye uzazi wenye matatizo hufa kwa kuchelewa kwa namna tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akiisha kufika. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Ukiziweka saa mbili hizo juu ya ramani ya Manyara, pamoja na makorongo yake wakati wa masika, utaelewa uzito wa yule mratibu. Simu anayoipokea inapunguza kuchelewa kwa pili, na simu anayoipiga mbele kwa wauguzi inapunguza kuchelewa kwa tatu. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015/16 zilikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Za mwaka 2022 zilikadiria 104. Sifa hiyo ni ya wengi: vituo vipya vya afya, vyumba vya upasuaji, damu, wakunga. Simu peke yake haishoni jeraha. Lakini chumba cha upasuaji kisichofikiwa nacho hakimwokoi mtu.

Kisha kuna siku ambazo kila mfumo hupimwa kwa pamoja. Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na magogo vikaushukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Njia zilifungwa na matope, na wanajeshi, polisi, zimamoto, wahudumu wa afya na wananchi wakaingia kuokoa. Sisi wa Babati tulioyaona magari yakielekea kule hatujaisahau siku ile. Katika janga la namna hiyo kila kikosi huja na redio zake na masafa yake, na ugumu ni kuwafanya wasikilizane. Janga hilo hilo linaweza pia kuangusha nguzo za umeme na mnara wa simu ambao sote tumeutegemea. Kwa hiyo simu ya upepo yenye betri yake, isiyohitaji mnara wa mtu, haijapitwa na wakati. Hasara ni kuiacha ikae kabatini, betri imekufa, masafa ya pamoja hayajapangwa, mpaka mlima utukumbushe.

Nikitazama mbele, naona mitambo mingi mizuri ikija. Redio za kidijitali hutuma sauti pamoja na mahali ulipo mtumaji. Viwango kama TETRA, vilivyoasisiwa Ulaya miaka ya 1990, huruhusu vikosi vingi kutumia mtambo mmoja bila kuingiliana, na kumpa mwenye dharura kipaumbele. Nchini tumekwisha kuweka majina ya mitaa na namba za nyumba kupitia operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, jambo linalomsaidia mratibu kuliko wengi wanavyofikiri. Hata hivyo, anayepiga simu saa nane usiku na mkono unatetemeka hatataja namba ya nyumba. Atasema pale juu ya kisima, karibu na kanisa, baada ya mkuyu. Na huenda hatasema kwa Kiswahili. Atasema kwa Kiiraqw, Kigorowa, Kimbugwe au Kirangi, kwa sababu hofu humrudisha mtu kwenye lugha ya mama yake.

Kwa hiyo halmashauri zetu zikikaa kupanga bajeti, ombi langu ni kwamba anayeitika awe na mstari wake, unaojitegemea, usiofichwa chini ya ununuzi wa vifaa. Aajiriwe anayezijua njia za wilaya zake na anayesikia lugha zake. Zamu ziwe za binadamu, maana sikio lililochoka hukosa sauti hafifu. Apate mafunzo kila mwaka, na apelekwe Dongobesh, Orkesumet na Kibaya akaone kwa macho mahali anapotuma magari. Betri zipimwe kabla ya masika. Vikosi vyote vya mkoa vifanye zoezi la pamoja kwenye masafa ya pamoja angalau mara moja kwa mwaka, ili siku ya msiba isiwe siku ya kufahamiana. Na mratibu akimaliza zamu iliyookoa maisha ya mtu, aambiwe mgonjwa alifikaje na anaendeleaje. Kazi yake humkatia habari katikati kila siku. Kumrudishia mwisho wa habari ni sehemu ya malipo yake.

Hayo yote yanagharimu fedha kidogo kuliko magari, na ndiyo yanayoyafanya magari yafike. Mkoa unaotaka kujua umeendelea kiasi gani na uanzie kwa mtu aliye mbali kuliko wote, saa mbaya kuliko zote, akiita kwa sauti ndogo kuliko zote. Kisha uhesabu dakika mpaka apate jibu.